Chuma cha Kutwangia Sombe

Thérèse alikuwa amekwisha kuweka mchi chini, na kinu kikaendelea kulia.

Hakikulia sana. Mapigo machache, mazito, kama mtu anayetwanga bila haraka wala njaa. Thérèse alisimama uani, mikono kiunoni, jasho likimpoa mgongoni katika baridi ya Julai, akatazama majani ya muhogo yakitikisika yenyewe ndani ya kinu mpaka yakatulia. Akaangalia juu ya ukuta kwa jirani. Hakuna mtu. Akapiga ishara ya msalaba upesi, akachota sombe kwa mikono miwili, akaitia sufuriani. Mumewe alikuwa na njaa, na sombe haijipiki.

Nyumba yenyewe iko La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, mahali ambapo nyumba moja hupangishwa chumba kwa chumba mpaka gereji nayo ikapata kitanda na pazia. Aliyeichukua nyumba nzima na kuwapangisha wengine alikuwa Bi Zubeda wa Tanga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, mganga wa majini. Chumba cha mbele alikaa yeye na binti yake Saida. Chumba cha nyuma walikaa Thérèse na mumewe Placide, Wakatoliki wa Bukavu. Placide alikuwa mlinzi wa usiku kwenye maduka ya Randburg, kwa hiyo mchana alilala, na nyumba nzima ilijifunza kutembea kwa vidole.

Ule mchi haukuwa mchi. Wa mti ulipasuka mwezi wa sita. Wakati huo Thérèse alikuwa akifanya kazi ya usafi mtaa wa Observatory, kwa ajuza mmoja mjane wa injinia wa migodi, mtu wa Bolivia, Madame Remedios. Watoto wa ajuza walipomhamishia kwenye nyumba ya wazee, walimwambia Thérèse achukue gerejini chochote atakacho. Alichukua mablanketi, na chuma kimoja kirefu kama mkono wake, chembamba juu chenye tundu, kinene chini kama ngumi. Mtu mwingine angeona chuma chakavu. Mwanamke wa Bukavu aliona mchi. Alikiosha kwa sabuni na maji ya moto, na Jumapili ile, baada ya misa, ndiyo alikitwangia mara ya kwanza.

Sasa, wakati kinu kinalia chenyewe uani, ndani ya chumba cha mbele Bi Zubeda alikuwa akifukiza ubani. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, halafu ukashuka kando ya chetezo na kutambaa sakafuni kuelekea mlangoni, kama maji yanayotafuta pa kutokea.

"Mama, moshi unakwenda wapi?" Saida aliuliza kutoka kitandani.

"Upepo huo."

"Dirisha limefungwa."

"Basi wa chini ya mlango. Inua miguu, usiukanyage."

Saida akainua miguu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na hakuna jambo katika nyumba ile lililokuwa na uzito kuliko mimba hiyo. Zilizotangulia ziliharibika zote, kila moja ikiwa imeshaanza kucheza tumboni. Bi Zubeda alitafuta sababu kwa njia zake, akaipata: subiani, yule jini anayependa vichanga, alikuwa amemzoea Saida. Bi Zubeda akamkamata, akamfunga kwa kiapo ndani ya fundo la kitambaa chekundu, na fundo akaliweka rafuni pamoja na mafundo mengine. Tangu hapo mimba ikakaa. Mume wa Saida, Naseeb, dereva wa malori ya kwenda Lubumbashi, kila akipiga simu aliuliza kwanza habari za fundo, ndipo akauliza habari za mkewe.

Mafundo mengine yalikuwa ya majini ambao Bi Zubeda aliwarithi kwa bibi yake. Walikuwa watumishi. Walitafuta vitu vilivyoibwa, walituliza waume, waliwavutia wateja wenye maspaza, vile viduka vya mtaani, na sasa walilinda mlango wa uzazi wa Saida. Mkubwa wao aliitwa Mwinyi Kambi, jini mzee wa adabu. Kule Tanga kila mwaka walifanyiwa karamu yao: mbuzi mweusi, halua, marashi ya waridi, ngoma mpaka wakaridhika wenyewe. Johannesburg majirani walilalamikia ngoma. Mbuzi akawa kuku wa friza. Halua ikawa biskuti. Na marashi ya waridi, yalipokwisha, yakawa ile dawa ya kupuliza chooni, ya harufu ya maua.

"Wamezoea," Bi Zubeda alisema siku moja Saida alipomuuliza. "Sisi wenyewe hatujazoea? Nani hapa anakula halua?"

Jumatatu alikuja mwenye spaza wa Rosettenville kutaka kujua nani anamwibia. Bi Zubeda alijifunika kaniki, akanusa ubani, akamwita Mwinyi Kambi ampande kichwani kama siku zote. Hakuja. Akamwita wa pili, akamwita wa tatu. Akakaa chini ya kaniki ile mpaka shingo ikamuuma, akisikia pumzi zake tu, na mwenye spaza akikohoa kwa heshima. Ilikuwa kama kupiga simu iliyozimwa.

"Leo wana shughuli," alimwambia mteja. Mteja akasema eish, akaondoka.

Jioni ile umeme ulikatika mtaa mzima. Placide alikwisha kwenda kazini. Wanawake watatu walikuwa jikoni, wakiota moto wa jiko la mafuta ya taa, ndipo wakasikia watu.

Inafaa kueleza kwa nini hawakuwaza majini. Februari ya mwaka huo huo, 2017, nyumba kadhaa zilichomwa Rosettenville, ng'ambo ya barabara tu, watu wakisema ni nyumba za wageni waovu. Kwa hiyo mgeni yeyote wa mtaa ule akisikia kundi la watu gizani anajua la kufanya. Thérèse alizima jiko. Bi Zubeda akafunga mlango wa jikoni, akausukumia meza. Saida akashika tumbo.

Watu wale hawakuwa barabarani. Walikuwa ndani, ukumbini, nyuma ya mlango uleule, na miguu yao, mingi, mingine peku na mingine yenye viatu vya soli nzito, ilipita polepole kutoka mbele kwenda nyuma, ikageuka, ikarudi, bila kukimbia, bila kugonga, na pamoja nayo ikapita harufu ya mishumaa na sufi iliyolowa na kitu kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na mnong'ono wa watu wanaosema maneno mamoja kwa pamoja, mmoja akitangulia, wengine wakiitikia.

"Wanasema Kizulu?" Saida alinong'ona.

"Apana," Thérèse akajibu, sikio mlangoni. "Si Kizulu."

"Nini basi?"

"Wanasali. Njo vile tunafanya kwetu, siku ya kutembeza Mama Maria. Ni procession."

"Ukumbini kwangu?" Bi Zubeda alisema.

"Mama, mi sijue. Nakwambia tu kile niko nasikia."

Umeme uliporudi walisogeza meza. Ukumbi ulikuwa mtupu. Sakafuni, toka mlango wa mbele mpaka wa uani, palikuwa na matone ya nta, bado laini. Na rafuni chumbani mwa Bi Zubeda mafundo yote ya majini yalikuwa yamelegea, isipokuwa lile jekundu, ambalo lilikuwa limelegea nusu.

Bi Zubeda hakupiga kelele. Alikwenda gerejini, akarudi na waya wa chuma na koleo, akayafunga mafundo yote upya kwa waya, akikaza mpaka waya ukazama kitambaani.

"Watumwa hawa," alisema. "Watanijua."

Asubuhi Saida ndiye aliyesema. "Mama, ule moshi ulitambaa wakati Thérèse anatwanga. Mimi niliusikia mlio. Haukuwa mlio wa kinu."

Bi Zubeda akatoka uani. Thérèse alikuwa akianika nguo.

"We Thérèse. Chuma hiki umekitoa wapi?"

"Kwa Madame, Observatory. Sikuiba, walinipa."

"Sijasema umeiba. Ni cha nini?"

"Cha kutwangia."

"Wazungu wanatwanga nini, mwanangu? Piritoni?"

Thérèse akacheka kidogo, akaacha. "Madame hakuwa muzungu sana. Bon. Nitaenda nimuulize. Iko Randburg, si mbali na kazi ya Placide."

Nyumba ya wazee ilinuka supu na dawa. Madame Remedios alikaa dirishani na blanketi magotini, mdogo kuliko Thérèse alivyomkumbuka. Walizungumza Kiingereza cha kazini, kile walichozoea miaka yote. Thérèse alipoeleza urefu wa chuma na tundu lake, ajuza aligeuza uso.

"Ni ulimi wa kengele," alisema. "Mume wangu aliuleta. Alisema ni wa kwetu, La Paz. Sijui kama ni kweli, alipenda kununua hadithi."

"Hadithi gani?"

"Ya mwaka 1809. Hiyo ni kweli, kila mtoto kwetu anaijua. Wahispania walitutawala. Ilikuwa sikukuu ya Bikira wa Karmeli, tarehe kumi na sita Julai. Watu walitembeza sanamu mjini, wakasali, na maandamano yalipokwisha na askari wamelegea, vijana wakaingia kambini wakaichukua. Kengele ikapigwa. Mji mzima ukajaa uwanjani. Wakamlazimisha liwali ajiuzulu, na askofu pia. Walikuwa wanapiga kelele 'aishi mfalme', huku wanamwondoa mtu wa mfalme."

"Halafu?"

"Halafu majeshi yakaja. Januari wakubwa wao wakanyongwa." Akakunja ncha ya blanketi. "Mume wangu aliambiwa na aliyemuuzia kwamba kengele nayo iliadhibiwa. Waling'oa ulimi ili isiite tena. Mimi nilimwambia, basi ukae gerejini, na usigonge kitu chochote chenye uwazi ndani kama kengele." Akamtazama Thérèse. "Wewe umeugonga wapi?"

Thérèse alishindwa kutaja sombe kwa Kiingereza. Akasema, "Kwenye chakula."

Ajuza alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamshika mkono kwa nguvu ambayo haikuwa ya umri wake. "Una watumishi nyumbani kwako?"

"Mimi? Madame, mimi mwenyewe ni mtumishi."

"Basi nani anao?"

Njia nzima ya kurudi, kila taksi iliposimama kwenye robot, zile taa za barabarani, Thérèse alirudia swali lile moyoni. Alipofika alimweleza Bi Zubeda yote, bila kupunguza.

Bi Zubeda alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo umeniletea mchochezi nyumbani."

"Nimekuletea sombe, Mama. Na ulikula."

"Nilikula. Sasa nipe hicho chuma."

Alikifunga nacho kwa waya, akakizika kwenye ndoo ya chumvi, ndoo akaiweka bafuni na jiwe juu. Kisha akakaza tena nyaya za mafundo. Ijumaa hakukuwa na kitu. Jumamosi hakukuwa na kitu. Bi Zubeda akaanza kuimba jikoni.

Jumapili tarehe kumi na sita Saida aliamka na mkono tumboni, akakaa hivyo. Chai ikapoa.

"Nini?" mama yake akauliza.

"Hajacheza tangu usiku."

"Amelala."

"Mama. Mtoto huyu halali. Hajacheza."

"Vaa. Tunakwenda kliniki."

Saida alipokanyaga kizingiti cha chumba, tumbo lilikaza likawa gumu kama ubao, akaanguka magoti. Walipomrudisha kitandani likalegea. Wakajaribu tena, na tena likakaza. Mara ya tatu Saida alikataa. "Wananirudisha," alisema. "Kuna mtu amesimama mlangoni."

Wakati huo, uani, kinu kikaanza.

Thérèse alikuwa amesimama nao pale chumbani, mikono mitupu, na chuma kilikuwa bafuni ndani ya chumvi, na hata hivyo kinu kilipigwa, dum, dum, halafu mlio ukabadilika, ukawa wa shaba, wa juu, mpana, ukapita ukutani na kwenye vyombo vya kabati na kwenye meno ya watu, na ukumbi ukaanza kujaa miguu ile, peku na ya soli, haitembei sasa kwa sala bali kwa haraka, na harufu ya nta ikaingia ikachanganyika na harufu ya ubani na ya ile dawa ya chooni, na katikati ya vishindo hivyo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka taratibu, kwa adabu, akatoka Placide.

Alikuwa na suruali ya kazi na fulana, peku, macho yamefumba. Hakuwa ameamka. Aliingia jikoni, akavuta kiti, akakaa wima, viganja magotini, kama mzee anayesubiri kahawa. Bi Zubeda na Thérèse wakamfuata, Saida akabaki kitandani.

"Hodi, liwali," alisema.

Thérèse alirudi nyuma mpaka ukutani. Mumewe hakujua kusema hivyo. Mumewe alisema "mi niko", alisema "mutoto", na mdomoni mwake sasa kilikuwa Kiswahili cha Tanga, cha kale, cha watu waliokwisha kufa.

"Mwinyi Kambi," Bi Zubeda alisema. "Kiti chako ni mimi. Umempandaje Mkristo wa watu?"

"Ana usingizi mwingi na hana ujeuri. Kiti kizuri. Njoo ukae, baraza limeanza."

"Baraza gani?"

"La wazi. Tumefundishwa na mgeni. Kwao mji mzima hukaa pamoja, na kila mmoja husema. Sisi kwako tumesema lini?"

Bi Zubeda akanyoosha kidole. "Kwa jina la Nabii Suleimani aliyewafunga baba zenu, rudini rafuni."

Placide akainamisha kichwa, na huko ukumbini miguu yote ikatulia kwa heshima. Kisha akakiinua.

"Jina hilo tunalitii, jana na kesho. Wewe ndiye tuliyekuondoa."

Bi Zubeda alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza Thérèse kumwona akikaa bila kuchagua kiti.

"Mnataka mbuzi," alisema. "Sawa. Nitanunua mbuzi. Mweusi. Na marashi nitaagiza Tanga, waridi halisi, na ngoma nitapeleka mbali huko nje ya mji, mtacheza mpaka mchoke."

"Mbuzi ungetupa mwaka juzi, tungekula tukashukuru, na mgeni angetukuta tumelala. Hatukuja kudai posho, Zubeda."

"Basi mnadai nini, nyie?"

"Tufungue. Wote."

"Na mtoto? Mmemfanya nini mtoto wa mwanangu?"

"Hatujamgusa. Sisi ndio tuliomlinda, na bado ni sisi tuliosimama mlangoni. Ila leo hatoki mtu na haingii mtu mpaka utufungue. Nasi hatupendi. Fanya upesi, pumzi yake ni ndogo."

Chumbani Saida alisikia yote. Aliita kwa sauti ya chini, "Mama," na Bi Zubeda akaenda, akarudi na mafundo mkononi na koleo.

"Nitawaitia wenye ilimu," alisema akiinamia meza. "Huko mtaa wa Mayfair wamejaa. Nitawachoma mmoja mmoja."

"Mgeni yuko hapa anakusikia," Placide akajibu kwa upole. "Kwao walinyongwa. Kengele yao ikang'olewa ulimi. Na bado ulimi huo umefika La Rochelle."

Bi Zubeda alianza kukata. Waya ulikuwa umezama, koleo likateleza, akajikwangua vidole, damu ikaingia kitambaani. Fundo la kwanza lilipofunguka mlango wa mbele ulijibamiza wenyewe. La pili, ukajibamiza. Kila jini alipopita, Thérèse alihisi ubaridi mgongoni na aliona pazia la ukumbini likiinuka, kama mtu mrefu anayepita akalisogeza na bega. Hakuna aliyeaga. Mwisho likabaki lile jekundu, na Bi Zubeda akaweka koleo mezani.

"Huyu simfungui."

"Wote," alisema Placide.

"Huyu ni mla watoto. Mnajua. Nyinyi wenyewe mlinisaidia kumfunga."

"Tulisaidia, tulikuwa watumishi. Leo tumeapa pamoja. Mgeni ametuonya: tukimwacha mmoja nyuma, huyo ndiye utakayemtumia kuturudisha."

"Basi kaeni mlangoni mpaka Kiama."

Kinu kilikuwa kimenyamaza. Ndipo Saida akatoka, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, miguu imetanuka, uso umekuwa wa majivu. Tumbo lilikuwa limekaza. Alitembea nalo hivyo hivyo, mpaka mezani.

"Nipe."

"Saida, rudi ukalale."

"Mama, nipe. Akifia humu kwa sababu yao au akafia humu kwa sababu ya huyo, ni mamoja. Mtoto ni wangu."

"Huyo amekula wenzake."

"Najua. Mimi ndiye niliyewabeba." Alichukua koleo. "Thérèse, nishikie hapa. Usiangalie kama unaogopa."

"Mi naogopa," Thérèse alisema, na akashika.

Waya ulikatika. Kitambaa chekundu kikajikunjua chenyewe mezani, pole pole, kama kiganja. Placide akasema, "Asante, binti," akainamisha kichwa, na hapohapo akawa Placide tena, mtu mzito aliyelala kwenye kiti cha jikoni, akikoroma. Mlango wa mbele ulifunguka, ukakaa wazi. Miguu ya ukumbini ikatoka yote, mingi, mingi, ikichukua muda mrefu kupita kuliko nyumba ile ilivyoweza kubeba watu, na harufu ya nta ikaifuata, ukabaki ubaridi wa Julai na jua jeupe la mchana na sauti ya redio kwa jirani.

Mtoto akapiga teke. Saida alitoa sauti, nusu kilio. Bi Zubeda akaanguka kifudifudi sakafuni akimshukuru Mungu, na Thérèse, asiyejua aanzie wapi, alimpiga mumewe kofi.

"Juu ya nini unanipiga?" Placide akauliza akifumbua macho. "Mi niko nalala tu. Nani amenileta hapa?"

Walicheka, wote isipokuwa Saida. Saida alikuwa akitazama mlango. Alikuwa amehesabu mibamizo ya mlango moyoni, na kwa idadi ya mafundo ulikuwa umepungua mmoja.

Usiku ule, mama yake amelala fofofo, godoro upande wa Saida lilibonyea, kama mtu mwepesi amekaa ukingoni. Hakukuwa na harufu. Hakukuwa na baridi. Ilikuwa sauti tu, ya karibu, isiyo ya kike wala ya kiume, yenye adabu ya mtu aliyekaa ndani muda mrefu.

"Mbona hukwenda?" Saida aliuliza.

"Nimefunguliwa. Aliyefunguliwa hukaa anapotaka."

"Na hapa unataka nini?"

Ilifikiri. Saida aliisikia ikifikiri, na hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko yote.

"Nilipokuwa fundoni nilijua," ilisema. "Kila siku nilijiambia, nikitoka namla. Sasa hakuna anayenizuia. Na sijui."

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kike, mzima, mwenye sauti. Placide alikwisha kurudisha chuma kwa mwenyewe Randburg, na Thérèse akanunua mchi wa mti. Bi Zubeda hakuwa tena na wa kumwita. Alitundika kaniki kwenye msumari, akaanza kukaanga vitumbua vya kuuza kituo cha taksi, na wateja waliomjia na mambo yao aliwaambia waziwazi kwamba ofisi imefungwa. Lakini jambo moja lilimkeketa, kwa sababu hakuwa mjinga, na alikuwa akimwona binti yake akisema na mtu asiyekuwepo.

"Bado yupo," alisema siku moja.

"Yupo."

"Mwanangu, kuna mtu Mayfair. Anaweza kumfunga leo leo, kwa kiapo kipya, kikali."

Saida alikuwa akimnyonyesha mtoto. Hakuinua kichwa. "Ukimfunga atajua tena anachotaka."

Bi Zubeda alisimama na unga mikononi mpaka ukakauka, halafu akarudi jikoni.

Kwa hiyo wanaishi hivyo. Saida halali sana. Kila alfajiri, kabla ya adhana ya kwenye simu yake kulia, anaweka kiganja kifuani mwa mtoto mpaka kipande na kushuka, kisha anageukia upande wa pili wa kitanda, pale godoro lilipobonyea, anauliza kwa sauti ndogo, kama anayemuuliza jirani habari za usiku:

"Leo je?"

Husubiri. Wakati mwingine jibu linachelewa mpaka anasikia damu yake masikioni.

"Leo bado."

Basi Saida huinuka, akawasha jiko, akachemsha maji ya kumwogeshea mtoto.